Kizibao cha Mtafiti

Mtafiti alikuwa amefanya kosa la kijinga, na kwa kuwa hakujua kumung'unya maneno, alilisema mbele ya kikao kizima. Muda wote aliokaa kwenye kivuko cha pundamilia akipima mwendo wa magari, alivaa kizibao cha kung'aa ili asigongwe. Madereva walimwona kwa mbali, wakadhani ni trafiki, wakakanyaga breki. Takwimu zikatoka tamu, utadhani barabara ile inapitiwa na malaika. Juzi alikifua kizibao, hakikukauka, akaenda bila hicho. Magari yakampita yakivuma hata akasahau kuandika.

"Kwa hiyo ripoti yangu haifai," alisema. "Pale panahitajika matuta, tena haraka."

Mkuu wa ofisi ya barabara alicheka kama anayembembeleza mtoto. Yeye alikuwa ameshatangaza kwamba madereva wamestaarabika, matuta ya nini tena? "Binti yangu, maji yakimwagika hayazoleki. Wewe tia sahihi tu. Ya mwakani tutayaona mwakani."

"Hiyo mwakani, mzee, shangazi yangu ataiona?"

Shangazi huyo ndiye aliyemlea, na kila asubuhi huvuka pale kwa mkongojo kwenda zahanati kusafishwa kidonda. Mtafiti alipomfikiria, hasira ikampanda na woga ukamtoka. Wamfukuze wakitaka! Kazi yenyewe hakuzaliwa nayo.

"Hizo ni hisia," mkuu alisema. "Si sayansi."

"Basi twende tukafanye sayansi. Kivuko kipo hapo nje tu. Ukivuka bila kukimbia, natia sahihi palepale, hata kwa kuegemeza karatasi mgongoni kwako."

Kicheko kikalipuka. Mkuu, mtu wa kupenda sifa, angekataaje mbele ya walio chini yake? Wakatoka wote, na mhasibu aliyekuwa akisinzia naye akafuata.

Mkuu alisimama ukingoni, akanyoosha tai, akaweka mguu kwenye mstari mweupe. Gari dogo likapita likipiga honi, akaurudisha. Likaja lori. Akajaribu tena akiwa ameinua mkono, na safari hii dereva wa teksi alimkwepa kidogo tu, akatoa kichwa dirishani na kumtukania mama. Wale waliokuwa wakicheka wakaacha.

"Sasa watu huvukaje hapa?" mkuu aliuliza.

"Wenye miguu hukimbia."

Mkuu aligeuka ili arudi ofisini. Mtafiti akamshika mkono wa koti, hadharani, mtu mzima mwenye cheo chake.

"Hatujavuka, mzee."

"Niachie. Nimeona. Matuta yatajengwa."

"Lini?" mtafiti aliuliza, na koti hakuliachia.