Chai ya Kutia Joto

Kwenye ghala la samaki wa barafu walimwita Makaa, naye jina hilo alilivaa kwa maringo. Wenzake walitoka chumba cha baridi meno yakigongana, yeye akipiga mluzi. Desturi yao ilikuwa kushikana mikono mlangoni, na ambaye vidole vyake vilichelewa kupata joto alipumzishwa. Makaa hakuwahi kupumzishwa. Akiulizwa siri, alijigamba kuwa ni chai ya tangawizi ya mkewe.

Ndiyo maana daktari alipomwandikia vidonge vya moyo uliokuwa ukienda mbio, alikataa katakata. Mgonjwa hawekwi kwenye baridi, na nje ya baridi Makaa angekuwa nani?

Msimu huu mambo yakamgeukia. Vidole vilikufa ganzi, akapumzishwa mara ya kwanza, kisha tena. Vijana wakamtania kuwa makaa yamekuwa majivu. Msimamizi akasema akishindwa tena atahamishiwa getini. Maskini, akawa anaimaliza ile chai hadi tone la mwisho, na baridi ndiyo kwanza inazidi.

Akaenda zahanati. Muuguzi alimweleza kwamba baridi ikimpata mtu, mwili hutoa adrenalini, nayo hupokelewa na vipokezi vilivyo kwenye mishipa, moyo na mafuta. Mishipa ya ngozi hubana ili joto lisipotee, na mafuta huchomwa ili lipatikane jingine.

"Vidonge vyako vinaziba baadhi ya vipokezi hivyo," akasema. "Mwili unapiga hodi, hakuna wa kufungua."

"Mimi sinywi vidonge."

Muuguzi akamkazia macho. "Si mkeo huja kukuchukulia kila mwezi?"

Nyumbani alimkuta mkewe akimimina chai.

"Kunywa wewe kwanza, mama watoto."

Birika likatua mezani. "Ungekufa, baba watoto. Nilikubembeleza uvimeze, ukakataa."

"Nilikuwa nawaringia watu kwa chai hii."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kuwa huenda kinakupenda.

Mkewe alianza kulia. Makaa akaomba kidonge kizima, akakimeza mbele yake kwa maji ya bomba, kisha akaenda kumwambia msimamizi ampe kazi ya geti. Chai aliiacha ipoe pale mezani. Tangu siku hiyo anajipikia mwenyewe.