Matimba ya Enock

Jumamosi asubuhi, masika yakiwa yamekwisha kuulainisha udongo wa Shinyanga, Paskazia alifunga matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga katika kitambaa, akatundika darubini shingoni, akaifunga nyumba yake ya Ngokolo na kukijaribu kitasa mara mbili, ijapokuwa ndani hakuwa amemwacha mtu. Barabarani walimpitia wenzake wa chama cha kutazama ndege. Kila msimu huo walikwenda kwenye ngitili, msitu wa akiba wa kijiji alikozaliwa marehemu mumewe, kuwaaga keremkerem kabla hawajarejea Ulaya.

"Shikamoo, Mama Enock," alisema Boaz, kiongozi wa chama.

"Marahaba. Umechelewa."

"Ni huyu Dorah, mama. Alikuwa akijipodoa, utadhani ndege ndio wanaokuja kumtazama yeye."

"Heri mimi nitatazamwa," alijibu Dorah. "Wewe hata kunguru akikuona hugeuza shingo."

Ngitili haikuwa na miti. Zamani, aliyekata tawi humo bila ruhusa ya mkutano wa kijiji alitozwa mbuzi. Lakini mwaka uliotangulia mkutano wenyewe uliruhusu miti yote ikatwe. Vijana wengi walikuwa wamekwenda Geita kuchimba dhahabu, na wazazi waliona ni heri wana wao washikiliwe na miti ya nyumbani kuliko magogo ya mtu wasiyemjua. Basi kila ukoo ulikata mti wake, ukaupeleka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alimochimba mwanawe, ukawa matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwafunike wachimbaji shimoni. Mgunga uliokuwa kando ya kichuguu ulikwenda kwa Enock, mwana wa pekee wa Paskazia.

Ndege hawakuarifiwa. Waliendelea kutua pale pale, juu hewani, kila mmoja katika kimo cha tawi alilolizoea. Hondohondo alikaa bila kushika kitu, akijichokoa manyoya. Tetere walilalia mayai katika viota vilivyoelea. Jua lilipokuwa kali, wanachama walijipumzisha chini ya kivuli cha miti, kwa kuwa kivuli hakikukatwa.

"Tazameni kulia," Boaz alisema, "juu kidogo ya pale ulipokuwa mkwaju. Yule ni kipanga."

Paskazia hakutazama kulia. Alikuwa akitazama kando ya kichuguu. Keremkerem wa mgunga ule, ambao daima walipangana juu sana, siku hiyo walikuwa wamekaa chini, usawa wa kifundo cha mguu, safu yao ikiwa imelala upande. Hapakuwa na aliyejeruhiwa. Walikuwa wamekaa tu kwenye tawi lao.

Mzee Bujiku, mwenyekiti wa mkutano wa kijiji, alikuja akiwa na fimbo yake. Aliwatazama ndege, kisha akavua kofia.

"Mti huu umeanguka huko uliko, Mama Enock."

"Nimeona, baba."

Tangu Krismasi simu ya Enock ilikuwa haipatikani. Mwenye duara alikuwa amemwambia Paskazia kwamba kijana wake amehamia Chunya, kwani wachimbaji huhama kama nzige. Paskazia alikubali. Ni heri mwana asiye na adabu ya kupiga simu.

Jumatatu alipanda basi hadi Geita. Duara lilikuwa mbele ya mtaa wa Kalangalala, limezibwa kwa mabati. Hatua chache kutoka hapo, duara jingine lilikuwa likichimbwa, na mashine ikivuta ndoo za mawe juu bila kupumzika. Msimamizi, Charles, kijana mwenye vumbi hadi kwenye kope, alimwamkia, akampa ndoo iliyopinduliwa akalie, akaagiza soda.

Paskazia alimweleza habari ya keremkerem. Charles alisikiliza hadi mwisho.

"Wamekaa usawa gani, mama?"

"Wa kifundo."

"Basi duara limeshuka lote." Alifungua soda kwa meno. "Ndege hawana sababu ya kusema uongo. Kutoka kwenu Shinyanga, wewe si wa kwanza kuja."

"Mfukueni mwanangu, nikamzike."

"Kuingia mle kunataka matimba mapya. Ngitili yenu imebakiwa na miti?"

"Haina hata mmoja."

Mashine ilileta ndoo nyingine juu.

"Na tena, mama, tajiri amekwisha kusema kwamba mle hamkuwa na mtu. Akimtoa mtu, atakuwa amemtoa nani?"

"Enock."

"Enock yuko Chunya, mama. Ndivyo tajiri alivyosema." Alisema hivyo kwa upole, akitazama chini. "Kunywa soda, safari ni ndefu."

Kijijini hawakuweza kuweka matanga. Ndugu wa mumewe walikutana, wakaafikiana kwamba ndege wamesema kweli, lakini mtu aliyehama haliliwi, na mwenye mali ndiye ajuaye nani kahama. Hawakutandika mkeka wala kuwasha moto uani. Majirani wa Ngokolo walimsalimu Paskazia kama walivyomsalimu siku zote, wakamwuliza kama Chunya nako mvua inanyesha.

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena na chama. Boaz aliwaelekeza wanachama wazunguke mbali na kichuguu, wasije wakakanyaga tawi. Waliandama njia ya bwawani, ambako korongo walikuwa wameonekana.

"Njoo, Mama Enock," Dorah aliita. "Korongo hawangoji mtu."

"Tangulieni, mwanangu. Miguu inaniuma."

Haikuwa ikimwuma. Sauti zao zilipokoma kusikika, alikwenda kando ya kichuguu, akatandika kanga juu ya udongo na kusimama mbele ya ile safu iliyolala upande. Keremkerem walimtazama. Kisha wakasogea, mmoja baada ya mwingine, kama wafanyavyo watu kwenye mkeka wa msibani, hadi ikapatikana nafasi ya mtu mmoja, naye akaketi.