Makana Shimal

Injini ya marehemu babu ilikaa uani kwa haboba, yaani bibi yangu, huku mtaani Gurei, kuku wakitaga chini yake. Mtaa mzima uliijua kwa jina moja: makana shimal. Kwa Kiarabu cha Juba, makana ni mashine. Na shimal kila mtu aliielewa: kaskazini, Khartoum, wale waliokuwa wakitutawala. Kwa jina hilo babu yangu Pitia alizikwa akiitwa msaliti.

Babu alikuwa fundi wa mashua ya serikali hapa Juba, enzi za vita vya kwanza. Kabla ya kukimbilia Uganda aliizika injini hii shambani, ikaja kufukuliwa miaka mingi baadaye haboba aliporudi. Alipokuwa akifa huko Uganda, kambini Adjumani, hakusema lingine: "Makana shimal, msiiache." Waliosikia wakakonyezana. Kumbe jamaa wa kaskazini walimpa zawadi! Kwa kazi gani? Ndugu zake hawakuja matangani. Haboba Teresina akabaki mjane wa msaliti, na kilichomla zaidi ni kwamba hata yeye hakuwa na hakika kama watu wanasema uongo.

Alichokuwa na hakika nacho ni muujiza wake. Kila mwaka kanisani hutoa ushuhuda uleule: walipokuwa wakivuka Nile kwa mtumbwi, mashua ya serikali iliwafuata ikiwa imejaa askari, na Mungu akaizungusha majini mpaka wao wakafika ng'ambo.

Mimi nimelelewa Nakuru, nimerudi Juba mtu mzima, natengeneza injini za maboti pale mtoni, na mdomo ninao. Haboba aliponiambia kwamba Jubek, mnunuzi wa vyuma chakavu, angekuja Jumamosi kuivunja kwa nyundo, nilijibu kwamba Jubek aanze kunivunja mimi.

"Kiden, mimi iko mzee," haboba akasema. "Sitaki kufa na hii chuma ya aibu kwa uani yangu."

"Nipe mpaka Jumamosi, haboba. Ikiwaka, inabaki."

"Ikiwaka, Pitia atakuwa mutu mzuri?"

Nikachukua spana. Mtu anayezika injini ndani ya turubai, kila tundu amelijaza grisi, hafichi aibu. Anatunza kitu. Nilishikilia hilo, na ubishi wangu nimeurithi kwa haboba mwenyewe.

Kibao cha jina kilikuwa kimeng'olewa zamani. Majirani walisema ni injini ya kinu, Jubek alisema ni ya lori. Lori gani? Bomba la moshi lilikuwa na njia ya maji ya kulipoza, pampu ilikuwa ya shaba tupu, na gia zilikuwa mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Hiyo ni injini ya mashua, ya zamani kweli, inayowashwa kwa petroli kisha inaendeshwa kwa mafuta ya taa. Nililoweka vali zilizoganda kwenye dizeli, nikakata gasketi kwa kadibodi nene, na fundi mmoja wa mtaa wa Buluk akanisukia upya koili ya kutoa cheche. Wiki nzima nilinuka dizeli, na haboba alipita bila kuitazama.

Jumamosi asubuhi Wol, jirani yetu wa boda, alikuja kunisaidia. Nikachomeka hendeli na kuzungusha kulia, kama injini zote za dunia. Ikateleza. Nikadhani meno yanayoishika hendeli yamelika. Tukafunga kamba kwenye gurudumu na kuvuta, tena kwa kulia. Injini ikapiga chafya, ikatema petroli, ikanyamaza. Tukarudia mpaka viganja vikachubuka. Lori la Jubek likapiga honi getini. Machozi ya hasira yakanilenga.

Nikavuta kwa nguvu zote, na injini ikaanza kuteleza kwenye magogo iliyokalia.

"Kushoto! Sukuma kushoto!" nikapiga kelele.

Wol, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji, akasukuma kulia.

"Shimal, Wol! Shimal!"

Akasukuma, injini ikakaa sawa. Mimi nikabaki mdomo wazi.

Kila jioni nikirudi nyumbani kwa boda namwelekeza dereva kwa Kiarabu: yamin ni kulia, shimal ni kushoto. Kaskazini na kushoto, neno ni moja! Mashua kubwa huwa na injini mbili, na mafundi wa kale waliweza kuziunda kwa jozi, moja ikizunguka kulia na mwenzake kushoto, ili mashua iende sawa. Meno hayakuwa yamelika. Yalichongwa kwa upande wa pili.

Nikachomeka hendeli nikazungusha kushoto. Ikauma. Mara ya pili ikanguruma, uani kukajaa moshi na kuku wanaokimbia, na pampu ikanyonya ndoo tuliyoiwekea, ikamrushia Jubek, aliyekuwa ameshaingia, maji yote kwenye viatu.

Haboba akatoka jikoni.

"Si ya kaskazini!" nikamwambia sikioni. "Ni injini ya kushoto! Ile mashua iliyowafuata ilizunguka upande gani?"

Akainua mkono polepole, akachora duara hewani. Kushoto, kushoto, tena kushoto. Injini ya kushoto ikiwa imeng'olewa na ya kulia ikibaki peke yake, huko ndiko inakosukuma mashua.

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Kwa mutumbwi mikono yake ilikuwa nyeusi na mafuta," akasema. "Mimi nikamugombeza. Nikasema, Pitia, nawa mikono, unachafua mutoto. Akanawa. Hakusema kitu."

"Kwa nini hakusema?"

"Ndugu zake walibaki hapa Juba. Kama watu wanajua, wanachinjwa." Machozi yakamtoka. "Na hawakuja matanga yake. Malesh, Pitia, samehe mimi. Malesh."

Jubek akauliza, kwa adabu, kama lori lisubiri. Haboba alinyoosha mkono akashika ubavu wa injini, palipokuwa pakivuja mafuta, akauacha hapo mpaka nilipoizima.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda wake, na safari hii alimtaja Pitia. Mikono alikuwa bado hajanawa.