Mkanda Ukivuliwa

…na kifungo cha mkanda kimegoma, dada mpimaji amepiga goti mbele yake hapa uani anakivuta kwa kucha, samahani baba, anasema, kimeingia vumbi, na Ndassa amesimama shati limekunjwa hadi kifuani, tumbo nje kama mtoto anayeogeshwa, anaomba kitu kimoja tu, Kwandu asiseme neno, Kwandu abaki huko jikoni, lakini huyo anatoka na sahani ya michembe ya viazi vitamu, mimba imemtangulia, mwezi wa saba, karibu dada Consolatha, kula umezee na maji, halafu anaanza, anaanza kweli, yaani huyu baba Mayunga tangu mlipomvalisha hicho kidude amekuwa mtu mwingine, maji anachota yeye, udaga wa muhogo anatwanga yeye, mimi nimekaa kama bibi harusi… nyamaza mama, nyamaza, Ndassa anasema kichwani mwake huku mdomo ukicheka, amesema tangu mlipomvalisha, ni maneno yamemtoka tu, hajui, atajuaje, si alimwambia mwenyewe asubuhi ile alipochukua ndoo, nimeona hali yako siyo ya kupanda kile kilima na maji kichwani, pumzika, akasema kwa sauti nzito ya mume mwenye huruma, na Kwandu akamtazama, akamtazama, akasema asante, na ile asante bado imemkwama hapa kooni, maana aliila bure, haikuwa yake… inua mkono kidogo baba, anainua, anainua yote miwili, kama mwizi aliyekamatwa. Fanyeni kazi zenu za kawaida, huyu binti aliwaambia siku ya kuwavalisha, tunataka kujua watu wazima wa huku mwili unajongea kiasi gani kutwa, msiongeze, msipunguze, na Ndassa akaitikia, akaenda kukaa barazani kwa Gervas kama kawaida yake, mahindi yameshavunwa, mwanaume ana kazi gani tena, ila kile kidude kikamkaa kiunoni kama mama mkwe aliyeketi mlangoni, hata kujinyoosha unaona haya, akawaza watakuja kuyasoma haya hadharani kama matokeo ya shule, Ndassa wa kitongoji fulani, kutwa amekaa, na watu wacheke, basi kesho yake huyo kisimani, na ndoo kichwani siyo kwa baiskeli, ili mwili utikisike vizuri… na nesi alishasema, ndilo linalomtafuna, nesi wa zahanati alishasema mbele yake kabla ya mikanda hii kuja, mama huyu asibebe kitu kizito, damu imeshamtoka mara moja, ikirudi hatujui tutamwokoa nani, na Ndassa akajibu ndiyo nesi, akarudi nyumbani, jioni akamwangalia mke wake akijitwisha ndoo, akamwangalia tu, akasogeza miguu apite… damu ya mke haikumwinua, kaboksi kadogo ka kwenye mkanda, kama kiberiti, kakamwinua, mwanaume mzima. Kwa hiyo hapo mtaona kila nilichofanya, Ndassa anamuuliza Consolatha, na binti anacheka kwa heshima, hapana baba, hakijui maji wala ngoma hiki, kinajua mwili umetikisika basi, na hatutangazi habari za mtu, ni siri yako… hakijui, wiki nzima alikuwa anamwogopa kipofu, angeweza kucheza ngoma barazani kwa Gervas na hesabu ikaja ileile, na Gervas asingepata cha kusema, Gervas, yule Msubi ana mdomo, alipomkuta kisimani akauliza mbele ya watu, Ndassa, vipi, umeolewa, na wanaume wakaangua kicheko, na yeye… hapa anataka kufumba macho, yeye akatua ndoo akapandisha shati, hivihivi kama lilivyo sasa, akawaonyesha mkanda, ni hiki jamani, tunapimwa, huu mkanda ukivuliwa hamtaniona huku tena, na kicheko kikageuka kuwa cha kumwonea huruma, pole bwana, wakampisha achote kwanza, na akajisikia amejiokoa, alikuwa anawatazama wanaume tu, Gervas na wenzake, hakuwatazama wanawake waliokuwa wameinama na madumu yao pale kwenye maji, Eustakia alikuwepo, Eustakia anayemsuka Kwandu kila Jumapili… baba usitikisike, kinakaribia kufunguka, na Kwandu ameshika kiuno kwa nyuma kama wanavyoshika wajawazito, anasema taratibu, dada Consolatha, hamuwezi kumwachia huo mkanda, mpaka nijifungue tu, hata kama umezimwa. Consolatha anacheka, jamani mama, kesho unavaliwa na mtu mwingine huko Nyakahura, anadhani ni utani, na Ndassa anamtazama mke wake usoni atafute kicheko, hata kidogo, hata kwenye jicho, hakipo, mama wa watu anaomba kweli… anajua, amejua tangu Jumapili akisukwa, amekuwa akimwekea maji ya kunawa akirudi, asante baba Mayunga, asante, kila ndoo asante, kama mtu anayekinga maji ya mvua akijua wingu linapita, na anachohesabu sasa hivi siyo uongo wa mume, uongo alishaumeza, anapima kile kilima na miezi iliyobaki, na aibu ambayo Ndassa alikuwa ameiweka kwa wanaume wa barazani yote inahama, inakuja kukaa hapa uani, anataka kusema nitachota, kesho nitachota, lakini ulimi unakataa, maana kusema alishasema, pumzika alishasema, Kwandu atajibu asante… bado kimegoma baba, vumilia, Consolatha anavuta, michembe inapoa kwenye kigoda, ndoo iko pale mlangoni imefunikwa kifudifudi, na Kwandu hamtazami tena mume wake wala mkanda, anaitazama ndoo.