Kaburi Lililokausha Tumbaku

Apolinaria alikuwa akichochea moto wa bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, kule Ulyankulu, moshi ulipomtoka mdomoni. Haukuwa mwingi, kama wa sufuria ya maharage inayoanza kuungua. Alijifuta kwa kitenge, akasukuma gogo jingine ndani. Majani yakishatundikwa, moto haulali. Mume wake, Deus, alimwona.

"Moshi umekuzoea," alisema, akaenda zake kilabuni.

Msimu ulipokolea, Apolinaria alitoa moshi hata kanisani. Waumini wakafungua madirisha. Hakuna aliyeuliza. Nani aulize, wakati kijiji kizima kinakohoa na kusema ni mafua?

Hospitalini Tabora mjini walimpiga picha ya kifua. Mapafu yalikuwa na makaa yanayowaka.

"Mama, unavuta sigara?" daktari aliuliza.

"Hata kuionja sijawahi. Nakausha tumbaku tu."

"Basi uepuke moshi."

Eti aepuke moshi! Akaishi wapi, mwezini? Alipewa vidonge, akapanda basi kurudi, na abiria wakamwomba akae dirishani.

Alipozidiwa alimwita mumewe. "Baba Recheli, mimi basi tena. Ila mtoto usimkalishe kwenye bani. Asome. Niahidi."

"Nimekuahidi," Deus alisema huku akilia, na machozi yalikuwa ya kweli, tusimsingizie. Apolinaria alikufa kabla jua halijapanda.

Katekista Leodgar alikuwa katikati ya sala kaburi lilipoanza kutoa moshi. Alikohoa, akaendelea. Kabla matanga hayajaanuliwa, udongo ulikuwa wa moto kiasi kwamba wanawake waliteleka uji wa waombolezaji hapo hapo. Uliiva vizuri.

Kuni za Deus zilikuwa zimekwisha, na miti ya karibu walishaimaliza wenyewe. Tumbaku yake ilikuwa inaoza. Basi akajenga bani jipya juu ya kaburi la mkewe. Ndugu walisaidia kufyatua matofali. Msalaba waliuhamishia ukutani, kwa nje, usiungue.

Majani yalikauka yakawa na rangi ya dhahabu. Bwana shamba wa kampuni inayonunua tumbaku alikuja na pikipiki, akagusa ukuta, akatabasamu. "Hongera, mzee! Hukukata hata mti mmoja. Huku ndiko kutunza mazingira." Wakapiga picha pamoja. Hakuuliza aliyelala chini aliuawa na nini. Hawaulizi, watu wale! Wangeuliza, wangelazimika kujibu.

Kasoro ilikuwa moja. Moto wa marehemu nao ni moto: ukipanda unaunguza majani, ukishuka yanavunda. Lazima mtu akae pale mchana na usiku, aufunike kwa udongo na kuufunua. Deus alikuwa na kikao cha chama cha msingi cha wakulima.

"Recheli," alisema, "leo usiende shule. Kamwangalie mama yako."

Kumwangalia mama si kukalishwa kwenye bani, mnaona? Ahadi iko palepale, nzima kabisa. Ndugu wote walikubali hivyo, na Katekista Leodgar naye.

Recheli aliketi mlangoni na sare yake ya shule, akashika koleo. Akakohoa. Baba yake, ambaye alimpenda, alimwambia ahamie upande wa pili, usio na moshi.

Upande wa pili kulikuwa na bani la jirani.