Umeme Hauna Mtani

Kila asubuhi Yusra alifanya mambo yale yale, kwa mfuatano ule ule, kama mtu anayesuka ukili. Akishaswali alichomeka birika la bibi yake, akafungulia redio kwa sauti ya chini, akachomeka pasi, akatandaza shati lake la kazi mezani. Shati likiisha, maji yamechemka. Maji yakichemka, Bibi Mashavu amekohoa mara mbili chumbani, kuarifu kwamba yuko macho na chai isichelewe.

Jumatano hiyo alikuwa amefika kwenye kola. Tap! Redio ikanyamaza, taa ikazimika, birika likaacha kuguna.

"Umeme umekatika?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

Yusra alichungulia nje. Kwa majirani taa zilikuwa zinawaka. Akaenda kwenye boksi la swichi, lile alilolifunga kwa mikono yake mwaka aliotoka chuo cha ufundi, akakuta swichi kubwa imejishusha. Akaipandisha. Ikajishusha tena. Ndipo akauona waya mnene wa rangi ya chungwa umepenya katikati ya nondo za dirisha la jikoni, umechomekwa kwenye soketi yao kana kwamba umezaliwa humo.

Aliufuata kwa macho. Mwisho wake lilisimama gari dogo jeupe, na pembeni mwa gari, juu ya kigoda cha Bibi, alikaa Mzee Yordani akisugua meno kwa mswaki wa mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mzigua. Mbona mnazima umeme? Mgeni wenu ananyonya."

Gari lile lilikuwa gumzo la Ngombezi nzima. Halikunywa mafuta wala halikunguruma, na kila alfajiri lilipeleka abiria wanne Handeni, likarudi saa nne. Yordani alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, ambako babu yake alifikia alipotoka Tabora, na sasa nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwa Bibi Mashavu. Lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na Bibi Mashavu ni Mzigua wa Kang'ata. Watani. Miaka arobaini walikuwa hawajaambiana neno moja la heshima, na hakuna msiba wala arusi ya upande mmoja ambayo upande wa pili ulikosa kuja kuiharibu kwa vicheko.

Bibi alitoka na khanga begani. "We Mnyamwezi! Wazee wako walitembea kwa miguu mpaka pwani, pembe ya ndovu kichwani, na hakuna aliyeomba kuchajiwa. Wewe Handeni tu hapo inakushinda?"

"Ndiyo maana mimi napanda gari, bibi. Miguu ya ukoo wote waliimaliza wao."

"Kwako hakuna umeme?"

"Upo tele. Ila jana usiku soketi ilianza kunuka kama kisamvu kilichoshika chini. Nikasema, kwa nini kwangu kunuke na Wazigua wapo?"

Bibi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Yusra hakucheka. Alichomoa pasi na birika, akapandisha swichi ili mzee apate umeme wa kumfikisha, kisha akabaki amesimama na shati lenye kola nusu. Swichi ya hapa ilijishusha kwa sababu ilizidiwa, na kujishusha ndiyo kazi yake. Kwa nini ya kwa Yordani haikujishusha, mpaka soketi ikanuka?

Jioni alipata sababu ya kwenda. Bibi alimpa sahani ya mihogo ampelekee Mama Josefina, mke wa Yordani. Yusra alikuwa mtu wa kupita pembeni ya watu. Dukani Korogwe alikouza nyaya na balbu, wateja walimuuliza yeye waya upi unafaa, akawaeleza vizuri, kisha wakaenda kumwita fundi mwanaume aje kufunga. Hakuwahi kulalamika. Nyumba pekee aliyoifunga yeye ilikuwa ya bibi yake.

Sebuleni kwa Yordani aliiona soketi. Imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Juu yake, kwenye boksi la zamani, fyuzi ilikuwa imezungushiwa kipande cha waya wa breki ya baiskeli.

"Hiyo niliifunga mwenyewe," Yordani alisema kwa fahari. "Miaka kumi na mbili haijakatika hata siku moja. Nyie mnakatikiwa kila mkichemsha chai."

"Na Jumamosi ndiyo tunaachana na shida kabisa," Mama Josefina aliongeza. "Fundi Abraham analeta sola. Paneli nane juu ya bati. Anaunga kwenye nyaya hizi hizi, mzee anachomeka, basi."

Fundi Abraham alikuwa mtu mwema, na kwa kutengeneza redio hakuwa na mpinzani. Yusra aliziangalia nyaya zikipanda ukutani, nyembamba, za taa, zimefungwa enzi ambazo nyumba hii ilikuwa na balbu tatu na redio. Gari lingevuta kwenye nyaya hizo masaa sita mfululizo, jua liwake lisiwake, na hakuna kitu ambacho kingelizuia.

Alitazama sahani, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, mkiunga hivyo nyumba itaungua."

Yordani akapiga paja.

"Josefina, umesikia? Mzigua anatutishia moto! Kaleta mihogo ili tusiungue na njaa!"

Mama Josefina alicheka hadi machozi. Na Yusra, kwa aibu tu, kwa sababu uso wake haukujua kufanya kitu kingine, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Kesho yake habari ilikuwa imeshafika stendi ya Korogwe. Muuza karanga alimuuliza, "Dada, na mimi kwangu kutaungua lini?"

Usiku wa Alhamisi Yusra alitoa daftari chini ya godoro. Alikuwa ameichora nyumba ya Yordani yote: waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi hadi mahali pa gari, swichi yake yenyewe, waya wa kushuka ardhini, paneli upande wa magharibi wa bati kwa sababu mwembe wa jirani unaziba asubuhi. Tena gari hurudi saa nne na kukaa mpaka saa kumi. Masaa sita ya jua, yameiva yenyewe. Ilikuwa kazi nzuri mno, na aliitaka mpaka ikamuuma.

Bibi alimkuta. Alilitazama daftari, ingawa michoro ile kwake ilikuwa kama njia za siafu.

"Umemwonyesha?"

"Nilimwambia tu, akacheka. Bibi, nitamwambiaje? Kila nikisema anadhani utani."

"Si kwamba anadhani. Ni utani. Neno likitoka kwa Mzigua likaingia kwa Mnyamwezi, limeshakuwa utani kabla halijafika sikioni." Bibi aliketi kitandani. "Babu yako alipotaka kumwambia baba yake Yordani jambo la kweli, hakusema. Alikwenda akachukua jembe lake, akaja nalo hapa. Mtani haombwi, ananyang'anywa. Na mwenye kitu lazima aje kukikomboa. Akija anakaa chini. Akikaa chini, masikio nayo yanakaa."

"Nichukue kitu cha Mzee Yordani? Mimi?"

"Kwani nani, mimi na magoti haya?"

Yusra alicheka kwa mara ya kwanza katika siku mbili. Kisha akaacha, kwa kuwa aliona Bibi hatanii.

Ijumaa aliomba ruhusa dukani. Saa nne na robo gari jeupe liliteleza kimya mpaka uani kwa Yordani. Mzee akavuta waya wa chungwa kupitia mlangoni, akachomeka kwenye ile ile soketi iliyonuka, akapita chumba cha ndani kula. Yusra alihesabu mpaka thelathini. Akahesabu tena. Miguu ikaenda kabla hajaiambia.

"Hodi," alisema, lakini kwa sauti ambayo hata kuku hakugeuka. Alichomoa upande wa gari, akaingia hatua moja mlangoni, akazima soketi, akachomoa upande wa pili. Plagi ilikuwa ya moto. Akauzungusha waya begani kama mtu aliyenasa chatu, akatoka.

Nyumba mbili tu zilikuwa kati yake na kwao, lakini zilikuwa nyumba ndefu kuliko zote za Ngombezi.

"Yusra! Umeiba?"

"Mnyamwezi kaporwa mchana kweupe!"

"Mbio mwanangu, anamalizia tonge!"

Kina mama walipiga vigelegele. Alipofika kwa Bibi masikio yalikuwa yanawaka kama pasi.

Hazikupita dakika ishirini Yordani akaja, nusu ya mtaa nyuma yake, kuku mweupe kwapani. Alikuwa na furaha kama mtu aliyechaguliwa.

"Nimekuja kukomboa! Nani kanipora? Yule asiyeweza kusema hodi?"

"Keti," Bibi alisema, akimsogezea kigoda. "Na nyie wengine nendeni, mnatuzibia upepo." Watu wakasogea hatua tatu, wakasimama papo hapo.

Yordani akaketi, kuku magotini. Yusra alitoa waya. Hakumpa. Alimgeuzia ile plagi: mguu mmoja wa shaba umekuwa mweusi, na plastiki yake imevimba kama mkate.

"Shika, mzee. Bado ina joto."

Yordani akaigusa. Kicheko kilikuwa tayari mdomoni. Akakiacha hapo hapo.

"Baba yangu alifanya kazi Hale, kwenye mitambo ya umeme," Yusra alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Alikuwa anasema, umeme hauna mtani. Utauchekea, hautacheka. Ile fyuzi yako haijakatika miaka kumi na mbili kwa sababu haiwezi kukatika. Umeifunga mdomo. Nyaya zikizidiwa, zitaungulia ndani ya ukuta, na Mama Josefina atakuwa amelala."

Hakuna aliyecheka, hata waliosimama hatua tatu nje. Kuku alipepesa macho.

Yordani aliigeuza plagi mara mbili. "Siku ile ulikuwa unasema kweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona ulicheka?"

"Niliona aibu."

Mzee akaguna. Akamtazama Bibi, Bibi akatazama kuku. "Haya. Umeniweka chini, Mzigua. Utaratibu ni mmoja: aliyepora ndiye anayetaja. Taja unachotaka. Kuku huyu? Au nimwambie Abraham asije, nitafute fundi mwingine?"

Yusra alikuwa amejiandaa kwa hilo. Usiku kucha alikuwa amepanga kusema ndiyo, mzee, tafuta fundi mwingine, yeyote anayejua nyaya, na hapo yangekwisha kwa heshima. Alifungua mdomo aseme hivyo. Mkononi alikuwa na daftari, na hakukumbuka ni saa ngapi alilichukua. Akaliweka juu ya goti la mzee, kando ya kuku, likiwa wazi kwenye ukurasa wa nyumba yake. Akainua uso.

"Sitaki kuku, na sitaki utafute fundi mwingine," alisema, na safari hii hata waliokuwa barabarani walimsikia. "Fundi ni mimi. Kazi hii nipe mimi."