Penina Mbele ya Kamera

Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi kuliko umri wa hawa wanaonipita barabarani siku hizi bila shikamoo, kwa hiyo mtu asinifundishe darasa ni nini. Darasa ni chaki, ubao uliopakwa unga wa betri kuukuu, na kimya. Niliongoza shule moja tu maisha yangu yote, huku kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, na mke wangu Penina alifundisha darasa la kwanza shuleni hapo hapo. Watoto walikuwa wakiingia kwake hawajui hata kushika kalamu, na likizo ya Juni ikifika wanasoma. Wakaguzi walifunga safari kutoka Bukoba kuja kumtazama akifundisha. Mimi niliyekuwa mkuu wake hawakuja kunitazama. Basi, yamepita.

Sasa Penina hanijui. Nasema waziwazi kwa sababu siwapendi watu wanaozungukazunguka. Kila asubuhi ananikaribisha nyumbani kwangu mwenyewe kwa heshima zote, ananisogezea kiti, ananiuliza nimetokea kijiji gani. Nikimwambia mimi ndiye mumeo anacheka kwa aibu na kufunika mdomo. Anasema mume wake ni mwalimu mkuu, ni mkali, atarudi jioni shule ikifungwa. Jamani, inauma. Watu wanasema mtu huzoea, lakini mimi sijazoea, na nilikuwa nikimwomba Mungu jambo moja tu, mke wangu anijue tena, hata kama ni kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Ndipo akaja Dativa. Siku hizi anaitwa Dokta Dativa, anakaa Kitendaguro na anafundisha walimu watarajiwa katika chuo kikuu kimoja huko Bukoba mjini, lakini kwangu ni yule yule binti aliyekuwa akija shuleni na kiazi mfukoni. Kusoma alifundishwa na Penina. Akanieleza kwamba chuo chao kimetenga fedha kwa wahadhiri wenye miradi ya kutumia teknolojia kuboresha ufundishaji. Wenzake waliomba skrini kubwa za ukutani. Yeye aliomba kamera, awarekodi walimu wa zamani wakiwa kazini, ili wanafunzi wake watazame somo, walisimamishe, walirudishe nyuma, waone mwalimu alifanya nini mtoto alipokwama. Kamati imempa fungu la somo moja la majaribio, na likiwapendeza watampa la kuzunguka mkoa mzima. Somo hilo alitaka liwe la Penina.

Nilimjia juu. Nilimwambia ualimu hauingii kwenye simu, na kwamba kama chuo kina fedha za kuchezea, wanunue madawati. Dativa aliniacha nifoke hadi nikachoka, kama tu alivyokuwa akifanya utotoni. Kisha akasema kwamba wanafunzi wake wamemeza nadharia zote lakini hawajawahi kumwona mtu akimfundisha mtoto kusoma, na wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha wakitetemeka. Nikamwambia hata Penina hafundishi tena, hanijui hata mimi.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "tumweke mbele ya watoto. Huenda akarudi."

Hilo ndilo lililonishika. Kamera sikuzitaka wala kamati sikuijali. Nilikubali kwa sababu Penina akirudi darasani, mwalimu mkuu wake nitakuwa mimi.

Maandalizi niliyashika mwenyewe, maana ukimwachia mtu mwingine kazi ya shule utaijutia. Nilisafisha sebule, nikaazima madawati shuleni, nikapaka ubao upya. Nikakusanya watoto wa majirani, nikawapanga mfupi mbele mrefu nyuma, mikono imefungwa kifuani. Dativa alikuja na mwenzake Julius, mwalimu wa kompyuta, mtu mzima mwenye kipara, ambaye alifunga kamera mbili na vipaza sauti na kuniomba watoto wasipige kelele. Kuniomba mimi kimya! Niliwaambia watoto kwamba atakayekohoa atanijua. Penina tulimvalisha gauni lake la ibada, tukamketisha mbele, tukangoja.

Aliwatazama watoto. Watoto walimtazama, kimya kama nilivyoagiza. Alitazama dawati kwa dawati, uso ukaanza kumjaa huruma, halafu akanigeukia.

"Watoto hawa wamefiwa na nani?"

Kabla sijajibu alishuka kwenye kiti, akaketi sakafuni kama tunavyoketi msibani, akaanza kuwapa pole mmoja mmoja kwa Kihaya. Kasichana kamoja kakaanza kulia kwelikweli. Tulimwinua, tukamweka tena kitini, tukampa chaki. Aliishika kwa adabu kisha akamrudishia Dativa, akisema asante, yeye havuti sigara. Tulijaribu hadi jua likapanda juu ya paa. Mara ya mwisho alisema anataka kwenda kwao, mama yake atakuwa na wasiwasi. Dativa akatoka nje kufuta macho, na Julius akaanza kufungasha vifaa vyake bila kumtazama mtu. Mimi niliwafokea watoto kwamba wameharibu somo, nao maskini hawakuwa wamefanya lolote zaidi ya kunitii.

Watoto walikuwa wanatawanyika uani wakati Kokushubila, jirani yetu wa chini ya kibanja chetu cha migomba, alipopita na beseni la senene, panzi wetu wa kuliwa, kichwani. Ulikuwa msimu wenyewe, mwezi wa kumi na moja, na senene walikuwa wameanguka kwa wingi. Kwetu huli senene wa kwanza jirani yako akimeza mate. Akatua beseni mkekani pale barazani, senene wabichi, wa kijani na wa kahawia, bado wana mabawa, akasema hawa ni wa Mama Mwalimu, akaenda zake.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu senene. Miaka ile msimu ukifika shule ilikuwa inabaki tupu, watoto wote porini. Mimi nilipiga marufuku. Penina yeye aliwaambia wanafunzi wake waje nao darasani. Nikipita dirishani mwake naona watoto zaidi ya sitini sakafuni wananyonyoa senene, mabawa yanaruka hadi kwenye ubao, na harufu usiseme. Tuligombana shuleni, tukagombana nyumbani, tukagombana hata njiani kwenda kanisani. Alisema mtoto akishughulishwa mikono, mdomo wake hauogopi. Nilimwambia darasa si jiko. Hadi leo nasema sakafu ile ilikuwa chafu, lakini natamani niione tena, chafu vile vile.

Penina aliliona beseni kupitia mlango wa sebule. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikwenda mkekani, akakunja gauni lake la ibada magotini, akaketi na kuchukua senene mmoja. Vidole vikang'oa mabawa.

"Se," akasema.

Vikang'oa miguu. "Ne." Akamtupia senene kwenye ungo. "Ne."

Kale kasichana kalikolia kakasogea na kuchukua senene wake. Se, ne, ne. Wakaja wengine, mkeka ukajaa, na sauti zikapanda, wengine wanacheka, wawili wanagombania senene mkubwa. Penina akawa anawatupia macho wote kwa pamoja, macho yake yale ya zamani yasiyopitwa na kitu. Alimkamata mmoja anayeropoka bila kunyonyoa, akamrudisha mwanzo. Alichuma kipande cha jani la mgomba, akachora juu yake kwa kijiti, herufi zikatokea nyeusi: se. Akawaonyesha. Huyu se ndiye bawa. Akachora tena: ne. Huyu ndiye mguu, na miguu ni mingi, ndiyo maana anakuja mara mbili. Watoto wakayasoma maandishi yale kana kwamba wamezaliwa wanayajua.

Kelele ilikuwa kubwa mno. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kusema kimya, mazoea ya miaka, nikaufunga. Kando yangu Julius alikuwa ameshatoa kamera kwenye mkoba na kuiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, na Dativa amemshika mkono. Mimi nilikuwa namngoja Penina anitazame. Amerudi, nilijiambia, sasa atainua macho na kuniona.

Akainua macho, akaniona.

"Wewe umechelewa," akasema. "Njoo ukae."

Nilikwenda. Magoti yangu hayapendi mkeka, ila nilikaa, nimebanwa na watoto pande zote mbili. Akanipa senene. Akaniuliza naitwa nani.

"Nathanael," nikasema.

"Jina zuri. Mume wangu anaitwa hivyo." Kisha akainama karibu yangu na kupunguza sauti, watoto wengine wasisikie. "Usimwogope. Ni mkali, lakini humu darasani kwangu haingii."

Machozi yakanitoka, sina sababu ya kuficha. Akadhani nalia kwa sababu sijui kusoma. Akanifuta shavu kwa kiganja kilichojaa mabawa, akaniambia wote huanza hivyo hivyo, hata Dativa alianza hivyo. Akakishika kijiti pamoja nami, mkono wake juu ya wangu, tukachora juu ya jani polepole, se, kisha ne, kisha ne nyingine. Akaniambia nisome peke yangu. Nikasoma. Penina akapiga makofi, na darasa zima likanipigia makofi.

Jioni tulikula senene wa kukaanga na ndizi. Penina alikuwa amechoka, akalala mapema. Kesho yake asubuhi alinisogezea kiti na kuniuliza nimetokea kijiji gani.

Kamati ya chuo ilitazama somo lile na kumpa Dativa fedha zilizobaki, na sasa anazunguka hadi Ngara na Karagwe akirekodi walimu. Kabla ya kuwaonyesha wanafunzi wake alinipigia simu. Alisema kila anayeonekana lazima aandikwe chini ya picha, na ameona vyema chini yangu aandike mwalimu mkuu mstaafu, mume wa Mwalimu Penina, wanafunzi wasije wakanicheka. Alijua nilivyo na cheo changu.

"Andika mwanafunzi," nikamwambia.

Akaniuliza kama nina hakika, wa darasa gani.

"La kwanza. Na uandike kwamba alielewa."